Mafaili Kumi na Moja ya Mama Bado

Ijumaa tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, saa kumi jioni, Mama Bado atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne katika Ofisi ya Huduma ya Uhai ya parokia yetu. Saa kumi na dakika moja atakuwa mstaafu. Hivyo ndivyo inavyosema barua ya utumishi, yenye mihuri miwili na sahihi ya Baba Paroko. Mhusika mwenyewe, alipokabidhiwa barua hiyo mwezi wa tatu, aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala, na kusema kwamba ataondoka siku ambayo kila faili lililoko mezani kwake litakuwa limepata mtu wa kulibeba. Kabla ya hapo funguo harudishi, hata aje askofu kuzichukua.

Mafaili yalikuwa kumi na moja. Leo asubuhi, ninapoanza kuandika, kumi yamekwisha kupata watu. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi ameniomba maneno machache ya furaha, na nitajitahidi, ila msomaji anisamehe akiona mawazo yangu yanahamahama. Faili la kumi na moja bado liko pale, na mimi karani ndiye ninayekaa meza ya jirani.

Kwa wale wasioifahamu, ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya ukumbi, kati ya stoo ya kwaya na shule ya chekechea. Wanaokuja ni wanawake wenye mimba ambazo hawajui wafanye nazo nini. Wengine wamefukuzwa nyumbani, wengine wanaogopa kufukuzwa, wengine wana watoto wanne na mume aliyeacha kupokea simu. Mama Bado aliingia humo akiwa mkunga wa miaka tisa katika wodi ya wazazi, akaombwa ashikilie kazi kwa miezi mitatu mpaka apatikane mtu wa kudumu. Mwaka jana afisa utumishi alipokuwa anapanga kumbukumbu, aligundua kwamba mkataba wake haujawahi kubadilishwa. Kisheria, huyu mama tunayemuaga ni kibarua wa miezi mitatu aliyechelewa kuondoka.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuiondoa meza katikati. Alisema hakuna mtu anayeweza kusema jambo zito akiwa ametazamana na meza, labda kama amekuja kuomba kazi. Mume wake, Mzee Seremala, alitengeneza viti viwili vifupi ambavyo hata msichana mdogo wa umbo anavikalia miguu ikagusa chini, na benchi refu la korido. Jambo la pili lilikuwa kufungua mlango wa stoo ya kwaya, ili anayekuja apite huko aonekane ni mwanakwaya tu. Mpango huo ulifanya kazi vizuri kupita kiasi. Mwalimu wa kwaya alimkuta msichana mmoja amesimama kati ya ngoma na makabati, akadhani amechelewa mazoezi, akamkaripia na kumpeleka sauti ya pili. Msichana akaogopa kujieleza, akaimba. Aliimba mpaka mimba ikafika miezi minane. Mtoto wake sasa yuko sekondari, na mama mtu bado anaimba sauti ya pili. Mwalimu wa kwaya akikumbushwa husema kwamba angalau yeye hakumuuliza maswali mengi.

Jina la Mama Bado limetokana na mafaili. Katika ofisi nyingi za aina yetu, mama akishajifungua salama faili hufungwa, watu hupiga picha na mtoto, na jina huingia kwenye ripoti. Kwake faili halikufungwa siku ya kujifungua. Lilibaki wazi mpaka siku mtoto anapoingia darasa la kwanza, na asubuhi hiyo yeye mwenyewe alikwenda kusimama getini pamoja na mama, akaona mgongo wa mtoto unaingia darasani, ndipo akarudi kuandika mstari wa mwisho. Kila aliyeuliza kama faili la fulani limekwisha alijibiwa neno moja. Mimi nilipoajiriwa, miaka ishirini iliyopita, nilidhani huyu mama ni mzembe. Niliwahi hata kumpangia mafaili kwenye boksi lililoandikwa YALIYOKWISHA. Aliyarudisha yote mezani, boksi akawapa chekechea wakalifanya gari.

Wapo waliomwona laini mno, na wapo waliomwona mgumu mno, na mara nyingi walikuwa katika chumba kimoja wakinywa chai yake, ambayo ina sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Kwa imani yake hakuwahi kuwa na mashaka. Alifundisha katekesi ya wachumba kwa miaka mingi, na alisema waziwazi kwamba aliyemo tumboni ni mtoto tangu mwanzo, ana haki ya kuishi kama mimi na wewe, na kwamba ofisi hii haitamwelekeza mtu mahali pa kutoa mimba. Mgeni mmoja kutoka chuo kikuu alimbana juu ya hilo saa nzima. Hakupandisha sauti, hakulegeza neno, na mwisho akamfungashia maandazi. Lakini vilevile hakuruhusu mtu yeyote atishwe au adanganywe. Wafadhili fulani walituletea maboksi ya vipeperushi vyenye picha za kutisha na maelezo ya kitabibu ambayo yeye, mkunga, alijua si ya kweli. Alishukuru, akapokea, kisha akaniagiza nivikate. Kwa miaka mitatu tuliandika rasimu za mihtasari ya vikao upande wa nyuma.

Wanaume nao hawakusalimika. Vijana waliowasindikiza wachumba wao na kutaka kungojea nje kwenye pikipiki, aliwafuata hukohuko. "Ingia, mwanangu. Mimba hii ni ya wawili, na viti ni viwili." Kiti cha kushoto kikaitwa kiti cha baba. Kuna wanaume wa mtaa huu, watu wazima wenye vitambi, ambao mpaka leo wakija ofisini kutafuta cheti cha ubatizo hawakikalii. Husema wamekaa sana nyumbani.

Jumanne mchana aliiweka kwa wale ambao tayari walitoa mimba, wengine miaka mingi nyuma, na wameishi na jambo hilo bila kumwambia mtu. Hapakuwa na tangazo. Walijuana wenyewe. Walikaa, walilia, walinyamaza, na aliyetaka kuungama alimkuta Baba Paroko kanisani saa tisa, ameagizwa na Mama Bado awepo. Mlezi mmoja wa vijana alilalamika kwamba tunawabembeleza. Mama Bado alimjibu kwamba Kanisa limewaandalia hawa kiti cha huruma, na yeye kazi yake ni kukifuta vumbi tu.

Sasa nifike pale ambapo nisingependa kufika.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi wa nne, tulikuwa tunajiandaa kwa matembezi ya uhai. Nilijitolea kuchora bango. Nilikuwa na mkono mzuri wakati huo, na maoni mengi. Kwa siku tatu nilichora kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa mkono: ANAYETOA MIMBA NI MUUAJI. Siku ya tatu mvua ikanyesha, rangi ikawa haijakauka, na mahali pakavu palipokuwa na nafasi ni korido. Nikalitundika huko. Sikufikiri hata kidogo kwamba ukuta huo unatazamana na benchi.

Mchana huo alikuwapo mwanamke mmoja kwenye benchi, amefika kwa mara ya kwanza. Mama Bado alikuwa ndani na mwingine, akachungulia mlangoni, akamwambia, "Dada, dakika moja tu, nakuja." Alipotoka, benchi lilikuwa tupu. Aliliona bango. Alikimbia na kandambili zake kwenye mvua mpaka kituo cha basi, akaangalia kila basi lililokuwa limesimama, akarudi akiwa ameloa mpaka kwenye nywele.

Nilijiandaa kufokewa. Hakunifokea. Alisema, "Kaka Karani, kaa pale kwenye benchi. Soma." Nikasoma. "Sasa soma ukiwa na mimba ya miezi miwili na hujamwambia mtu."

Nilikuwa kijana wa hoja, nikajitetea. Nikamuuliza kama niliyoandika siyo mafundisho yenyewe. Nakumbuka alikuwa anakamua sketi yake kwenye ndoo ya kudekia. "Mafundisho nimeyafundisha kabla hujajua kushika brashi," alisema. "Kwamba mtoto ni mtoto, hapo hatubishani mimi na wewe. Nakuuliza jambo dogo tu. Mama amesoma, ameondoka. Huyo mtoto umemsaidia nini?"

Nilipanda kwenye benchi, nikaliteremsha bango. Tuligeuza kitambaa. Upande wa pili akaniandikisha maneno yake, DADA, TUPO PAMOJA NAWE, kwa rangi ya bluu kwa kuwa nyekundu nilikuwa nimeimaliza, na hilo ndilo bango tulilotembea nalo mwaka ule na kila mwaka hadi leo. Yeye hutembea nyuma kabisa ya msafara, pamoja na wanaobeba watoto, kwa sababu anasema mbele watu wanakwenda kasi kama wanaowahi treni. Tangu siku ile pia pana miavuli kwenye mlango wa stoo. Anayeondoka wakati wa mvua hupewa. Hairudi. Minne kati ya iliyokwenda ni yangu, na niliacha kuiulizia baada ya wa pili.

Nasimulia haya kwa sababu mwaka huu swali lilelile lilirudi, likiwa limevaa nguo nzuri zaidi. Barua ya kustaafu ilipotoka, kamati ilikaa kuzungumzia nini kitafuata. Mwanasheria wa parokia alizungumzia sheria ya utoaji mimba, na Mama Bado alimuunga mkono. Kila waraka tuliowahi kupeleka bungeni una saini yake, hata kama haisomeki. Kisha akasimama mwenyekiti wa vijana, mwalimu wa hisabati, dada mwenye akili kali na slaidi kumi na nane. Alipendekeza faili lifungwe siku ya kujifungua, tuhesabu maisha yaliyookolewa kila mwezi, takwimu ziende mitandaoni, na ofisi ihamie mbele barabarani ionekane.

"Mama, siku hizi watu wanasikiliza namba," alisema. "Wasichana wanauliza kwenye simu, wanajibiwa na watu wasiowajua. Sisi tunawapa nini? Benchi?"

"Benchi, mwanangu, na mtu aliyekaa juu yake," alijibu Mama Bado. Halafu akaomba aelezwe vizuri habari ya simu, kwa kuwa hiyo aliipenda. Namba ya simu inayopokelewa na muuguzi wetu mpya ilianza wiki mbili baadaye, na ndiyo iliyotuletea watu sita wa mwisho. Kuhusu kuhama na kufunga mafaili, kura ziliahirishwa. Wengi wetu tulikuwa tunamwonea Mama Bado haya, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tulidhani akishaondoka mambo yatajipanga yenyewe upande wa slaidi.

Hakulalamika. Jumatatu iliyofuata alimpigia yule mwalimu, akamwomba amsindikize hospitali. Mmoja wa watoto wa mafaili, wa miaka minne, hasikii vizuri, na siku hiyo alikuwa apimwe kifaa cha masikioni. Mama yake anafua mashuka hotelini na hakupewa ruhusa. Wakapanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Mwalimu alimbeba mtoto, mtoto akamlalia, kisha akamkojolea gauni jipya. Saa saba kifaa kikawekwa sikioni, muuguzi akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, na mtoto akageuka.

Hakuna aliyehubiriwa chochote. Mwalimu alirudi ofisini gauni likiwa na ramani, akakaa kwenye kiti cha baba pasipo kujua kinaitwaje, akaomba kuliona faili. Alilisoma lote. "Kwa fomu yangu," alisema, "huyu mtoto tulimalizana naye miaka minne iliyopita." Kikao kilichofuata aliziondoa slaidi mbili yeye mwenyewe, akaomba mafaili matatu. Zile kumi na sita zilizobaki tunazifanyia kazi, na nyingi ni nzuri. Takwimu zitakuwepo pia: tutahesabu watoto walioingia darasa la kwanza.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Muuguzi wetu wa simu alichukua mafaili matano. Mwalimu wa kwaya, ambaye hakuna aliyemtarajia, alisimama akakohoa na kusema kwamba kwa kuwa stoo ni yake, na yeye apewe mawili. Mama Bado, ambaye mwalimu huyo amemkatalia kuimba kwenye kwaya yake kwa miaka ishirini na tisa, akasema atampa yenye watoto wanaolia kwa sauti nzuri. Kumi yakatimia.

La kumi na moja aliliweka mezani kwangu Jumatano iliyopita, akaenda kunywa chai. Ni faili jembamba. Juu, mahali pa jina, pameandikwa "hakusema". Ndani kuna karatasi moja, kwa ule mwandiko wake unaofanana na alama za kuku aliyepita kwenye matope: "Mwanamke, miaka kama ishirini na mbili. Sweta ya kijani, kifungo cha juu hakipo. Amesoma bango letu. Ameondoka saa tisa na robo. Mvua." Chini yake kuna mistari kumi na tisa, mmoja kila mwaka, tarehe ileile. Yote inafanana. "Tumemwombea leo yeye na mtoto. Bado."

Nilisoma nikitafuta jina langu. Nilikuwa na haki ya kuliona humo. Aliandika "bango letu".

Hatujui alikwenda wapi. Huenda mtoto wake anajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa shule. Huenda hakuzaliwa, na mama yake amebeba Jumanne yake peke yake miaka yote hii, katika mji mwingine. Sasa atakuwa na miaka arobaini na moja. Akirudi atakuja kama nani, na sisi tutakuwa nani kwake, sijui. Ninachojua ni kwamba kwa miaka kumi na tisa kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakukubali kwamba habari yake imekwisha, na mtu huyo anaondoka Ijumaa.

Ndugu wafanyakazi, wapo wanaouliza kama kazi hii ya kutetea uhai ina kesho. Mimi si mtu wa kuulizwa; historia yangu katika uchoraji mmeisoma. Nadhani tu kwamba kesho hiyo haitakuwa kubwa kuliko subira yetu kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye benchi.

Mama, kwa niaba ya ofisi, chekechea, kwaya na wanaume wote wasiopenda kukaa, asante. Asante kwa miezi mitatu uliyoichelewesha. Mzee Seremala ameniambia ataamini umestaafu atakapokuona unakunywa chai mpaka inaisha kikombeni. Tunakuombea miguu yenye nguvu, usingizi mtamu, wajukuu wenye adabu ya wastani, na siku nyingi ambazo hakuna anayekuita kutoka mlangoni. Ukae salama, nasi tutakuja kukusumbua.

Benchi litabaki lilipo, na mlango wa stoo hautafungwa. Nimenunua miavuli minne. Safari hii nimeileta mwenyewe. Na leo mchana, kwa mwandiko unaosomeka, nimeandika mstari wa ishirini chini ya ile kumi na tisa, neno la mwisho likiwa lilelile lako, nikatia sahihi yangu palipoandikwa mpokeaji.

Limepata mtu, Mama. Funguo unaweza kurudisha.